Upasuaji wa saratani ya ini: Mgonjwa huishi muda gani baadaye?

Jamaa wanaomsindikiza mgonjwa hospitalini Mukumu, au wanaoambiwa wampeleke mbele zaidi kutoka hapo, huwa na swali moja: akipasuliwa, atapona? Kwa saratani ya ini swali hili ni zito kuliko mengine. Familia nyingi huanza kuhesabu ng'ombe na kupima kipande cha shamba cha kuuza kabla ya kuambiwa kama mgonjwa wao anafaa kupasuliwa.

Upasuaji ni mojawapo ya njia chache zinazoweza kuondoa kabisa saratani iliyoanzia kwenye ini. Katika hospitali zenye wataalamu na vifaa vya kutosha duniani, kati ya wagonjwa 100 waliochaguliwa vizuri kisha wakapasuliwa, takriban 50 hadi 70 huwa hai miaka 5 baadaye. Maneno muhimu hapo ni "waliochaguliwa vizuri". Takwimu hiyo haimhusu kila mwenye saratani ya ini. Inawahusu wale ambao uvimbe wao uligunduliwa ungali mdogo, haujaingia kwenye mishipa mikubwa ya damu wala kusambaa nje ya ini, na sehemu ya ini iliyobaki ina nguvu.

Ikumbukwe pia kwamba miaka 5 ni kipimo cha watafiti, si kikomo cha maisha. Anayeambiwa "asilimia 60 kwa miaka 5" haambiwi kwamba atakufa mwaka wa sita.

Hali halisi barani Afrika ni tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulifuatilia zaidi ya wagonjwa 2,500 wa saratani ya ini katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo majirani zetu Uganda, Tanzania na Ethiopia. Nchini Misri, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya takriban miezi 11 baada ya kugunduliwa. Katika zile nchi nyingine 8 zikijumlishwa, nusu walikuwa wamefariki katika muda wa miezi 2 na nusu. Umri wa kati wa wagonjwa katika nchi hizo ulikuwa miaka 46, dhidi ya miaka 58 nchini Misri. Huyo wa miaka 46 ni mzazi ambaye bado analipa karo.

Tofauti hiyo haikutokana na ujuzi wa kushika kisu. Misri ina mpango mkubwa wa kuwafuatilia wenye ugonjwa wa ini, hivyo wengi hugunduliwa mapema. Kwingine, wengi walifika hospitalini wakati hakuna cha kupasua tena.

Wanachelewa kwa sababu ini halilalamiki mapema. Nyama yenyewe ya ini haina neva za kuhisi maumivu. Mtu huanza kuumwa upande wa kulia chini ya mbavu pale uvimbe unapovuta ngozi nyembamba inayolifunika ini. Kufikia hapo uvimbe huenda umekuwa mkubwa. Macho kuwa ya manjano, tumbo kujaa maji, mwili kukonda ghafla, zote hizi mara nyingi ni dalili za mwisho. Wengine hupoteza miezi wakitibiwa vidonda vya tumbo, au wakinywa miti shamba ambayo baadhi yake huliumiza ini zaidi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ini huota tena. Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo 1.5. Likiwa zima, daktari anaweza kuondoa zaidi ya nusu yake, na sehemu iliyobaki ikakua kwa wiki na miezi hadi ikaribie ukubwa wa awali. Hakuna kiungo kingine kikubwa ndani ya mwili wetu kinachofanya hivyo.

Tatizo ni kwamba saratani ya ini mara nyingi huota kwenye ini lililokwisha kuharibika. Miaka mingi ya virusi vya hepataitisi au ya pombe huliacha ini na makovu, gumu kama shamba lililokanyagwa na mifugo, na ini la namna hiyo haliwezi kuota vizuri. Kwa ini zima, inatosha kubakiza kati ya asilimia 20 na 30. Kwa ini lenye makovu, madaktari hutaka ibaki takriban asilimia 40 au zaidi, na likiwa limechoka sana hawaligusi kabisa.

Ndiyo maana vipimo kabla ya upasuaji huwa vingi, na familia hukasirika zikidhani zinazungushwa. Picha ya CT huonyesha ukubwa wa uvimbe na mishipa iliyo karibu nao. Damu hupimwa rangi ya nyongo, protini inayotengenezwa na ini na kasi ya kuganda. Daktari huangalia kama kuna maji tumboni na kama mgonjwa amewahi kuchanganyikiwa akili kwa sababu ya ini. Majibu ya vipimo hivyo vya ini yakiwa mabaya, kupasua kunaweza kumuua mgonjwa haraka kuliko saratani yenyewe. Daktari anayesema "hapana" katika hali hiyo hajamkatia mgonjwa tamaa.

Katika vituo vyenye uzoefu duniani, chini ya wagonjwa 5 kati ya 100 hufariki kutokana na upasuaji wenyewe. Hatari kubwa ni kuvuja damu, nyongo kuvuja tumboni, maambukizi, na ini lililobaki kushindwa kazi. Hii ya mwisho ndiyo inayoogopwa zaidi, na huweza kujitokeza siku kadhaa baada ya mgonjwa kuonekana anaendelea vizuri. Akianza kuwa na macho ya manjano, tumbo kufura au usingizi usio wa kawaida baada ya kurudi nyumbani, arudishwe hospitalini siku hiyo hiyo, asisubiri kliniki.

Kisha kuna suala la saratani kurudi. Katika miaka 5, hadi wagonjwa 70 kati ya 100 waliopasuliwa hupata uvimbe tena ndani ya ini, wengi wao katika miaka 2 ya kwanza. Idadi hii ikiwekwa kando ya ile ya walio hai inaweza kuonekana kama kosa la hesabu, lakini zote mbili ni sahihi. Uvimbe unaorudi ukionekana mapema unaweza kupasuliwa tena, kuchomwa kwa sindano maalum au kutibiwa kwa njia nyingine, na mgonjwa akaendelea kuishi. Asiyerudi kliniki hupoteza nafasi hiyo. Ratiba ya kawaida ni picha na kipimo cha damu kila baada ya miezi 3 hadi 6. Kwa mkazi wa Mukumu hiyo ni nauli, siku ya kazi iliyopotea na pesa za vipimo, na hapo ndipo wengi hukatika njiani. Familia inayopanga bajeti ya upasuaji ipange na ya miaka 2 inayofuata.

Mwenye virusi vya hepataitisi B huhitaji pia vidonge vya kuvituliza, mara nyingi kwa maisha yake yote. Tenofovir, mojawapo ya dawa hizo, hutumiwa pia kutibu virusi vya UKIMWI. Mgonjwa asishtuke wala majirani wasimhukumu wakiiona mezani. Dawa hizo hupunguza uwezekano wa saratani kurudi na hulinda ini lililobaki. Pombe nayo iachwe kabisa.

Asiyefaa kupasuliwa huenda akapata matibabu mengine: kuchoma uvimbe mdogo, kuziba mshipa unaoulisha, au vidonge vya saratani. Kubadilishiwa ini ni tiba nzuri sana kwa waliochaguliwa. Utafiti wa Milan nchini Italia uliochapishwa mwaka wa 1996 ulionyesha kuwa wagonjwa 75 kati ya 100 wenye uvimbe mdogo waliobadilishiwa ini walikuwa hai miaka 4 baadaye. Hata hivyo, kwa familia nyingi za hapa gharama yake haifikiki. Kwa waliochelewa kabisa kuna huduma shufaa, yaani kutuliza maumivu, kutoa maji tumboni na kuisaidia familia. Hiyo nayo ni tiba, na ni haki ya mgonjwa kuiomba.

Wakazi wanashauriwa kuanzia kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya misheni ya St. Elizabeth Mukumu, kisha Hospitali Kuu ya Rufaa ya Kaunti mjini Kakamega. Kutoka hapo mgonjwa anaweza kupewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret, au Nairobi. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina kifurushi cha saratani chenye kikomo kwa kila familia kwa mwaka. Usajili hufanywa kwa simu kupitia *147#, na mchango lazima uwe umelipwa. Anayengoja kuugua ndipo ajisajili hujikuta akihangaika akiwa ameshika barua ya rufaa.

Ugonjwa huu una vyanzo viwili vilivyo karibu nasi. Cha kwanza ni hepataitisi B. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake mwishoni mwa mwaka wa 2001, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hii ina maana kwamba wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakupata chanjo hiyo utotoni. Kipimo chake ni cha damu kidogo tu. Anayekutwa na virusi afuatiliwe kwa altrasaundi kila miezi 6 kama daktari ataona inafaa.

Cha pili ni sumu ya aflatoksini kwenye mahindi yaliyoota kuvu. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya kwa muda mfupi, lakini kiasi kidogo kinacholiwa kila siku huliharibu ini kimyakimya. Utafiti wa Shanghai, China, uliochapishwa mwaka wa 1992, ulionyesha kuwa mtu mwenye dalili za vyote viwili, virusi na sumu, alikuwa katika hatari ya saratani ya ini takriban mara 60 zaidi ya asiye na chochote. Kupika ugali hakuiondoi sumu hiyo. Mahindi yaliyooza yasitengewe busaa wala chakula cha kuku, kama ilivyo desturi katika baadhi ya boma. Yakaushwe juu ya turubai, si kwenye udongo, hadi unyevu ufike asilimia 13.5 au chini, kisha yahifadhiwe mahali pasipovuja. Asiye na mashine ya kupima unyevu amwombe afisa wa kilimo wa wadi yake msaada kabla ya kufunga magunia.