Mitandao ya Kijamii na Kazi ya Kampeni

Kabla ya kutumia chombo chochote cha propaganda, kada hana budi kuuliza mambo matatu: nani anakimiliki, nani anafikiwa nacho, na nani anaweza kujibu. Tuipime mitandao ya kijamii kwa maswali hayo.

1. Nani anamiliki?

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kuuliza nani anamiliki njia kuu za uchumi. Swali hilo linahusu pia njia za mawasiliano. Facebook, Instagram na WhatsApp ni mali ya kampuni moja ya Marekani, Meta, inayoishi kwa kuuza matangazo. Kwa hiyo kwenye Facebook hutangulizwa yale yanayomfanya mtu aendelee kutazama. Mara nyingi tusi hulishinda elezo la sera ya maji.

Mwaka 2018 mkurugenzi wa kampuni ya Uingereza, Cambridge Analytica, alirekodiwa kwa siri akijigamba kwamba waliendesha kampeni za Uhuru Kenyatta nchini Kenya mwaka 2013 na 2017. Hata kama alitia chumvi, fundisho ni moja: mpiga kura anaweza kusemeshwa asijue ni nani anayemsemesha.

Mwenye mali hufunga mlango akitaka, na dola nayo hufunga. Uganda, Januari 2021, Facebook ilifuta akaunti zilizoiunga mkono serikali, ikidai ni za udanganyifu. Serikali ikaifungia Facebook siku mbili kabla ya kura. Hapa Tanzania, intaneti ilizimwa siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025. Chama kilichoweka kazi yake yote mtandaoni, kiwe tawala au cha upinzani, hapo hukosa sauti na masikio pia.

2. Nani anafikiwa?

Chukua kata ya Mitundu, wilayani Manyoni, mkoani Singida. Kijana mwenye simu janja na bando huipata hotuba ya mgombea papo hapo. Mama mwenye simu ya kitochi haipati. Husimuliwa kisimani, tayari imeongezwa chumvi. Kada anayehesabu waliobofya alama ya kupenda anamhesabu yule kijana, pengine na watu wa Dar es Salaam wasiopiga kura Mitundu. Mama hayumo katika hesabu yake, lakini kura yake ni sawa na ya kijana.

3. Nani anajibu?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika mkutano wa shina, mkulima husimama na kuuliza mbele ya jirani zake: barabara mliyoahidi iko wapi? Swali hilo halifutiki. Mtandaoni, msaidizi wa mgombea hulifuta kwa kidole kimoja na kumzuia muulizaji. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza viongozi kuwa na majivuno na kuwadharau watu. Kufuta maswali ya umma ni dharau hiyo hiyo.

Wajibu wa kada

Mtandao utumike kutangaza mikutano, kusahihisha uzushi mapema na kwa ushahidi, na kukusanya maswali. Majibu yatolewe hapo hapo, kisha yapelekwe kwenye shina. Anayeogopa kuulizwa mtandaoni ataogopa pia mkutanoni, na wananchi watamtambua.