Fibrosisi ya endomiokadi
Fibrosisi ya endomiokadi ni ugonjwa ambao utando wa ndani wa moyo, pamoja na msuli ulio chini yake, hupatwa na uvimbe na baadaye hugeuka kovu nene, gumu. Uvimbe unaosemwa hapa si jipu wala saratani, bali ni hali ya chembe za kinga kushambulia tishu za mwili. Uvimbe huo hupita, ila kovu hubaki na kuzuia mzunguko wa damu kwa miaka mingi.

Mpatholojia J. N. P. Davies aliueleza ugonjwa huu mwaka 1948 kutokana na maiti zilizochunguzwa Mulago, Kampala. Wagonjwa wengi waliopatikana Mulago baadaye walikuwa wahamiaji kutoka Rwanda na Burundi, nchi zinazopakana na wilaya ya Ngara mkoani Kagera.

== Athari katika mzunguko wa damu ==
Moyo hujaa damu kwanza, ndipo husukuma. Katika uvimbe wa kawaida wa misuli ya moyo, ule unaoletwa na virusi, athari ya kudumu mara nyingi ni moyo kutanuka na kukosa nguvu ya kusukuma. Hapa ni kinyume: nguvu ya kusukuma inaweza kubaki, lakini ventrikali hainyumbuki tena, na kovu hujaza ncha yake hata nafasi ya damu ikapungua. Kovu hilo pia huvuta nyuzi za vali, nazo vali huvuja.

Damu isiyopata nafasi hurudi nyuma. Upande wa kushoto ukiathirika, presha hupanda mapafuni na mgonjwa hukosa pumzi. Upande wa kulia ukiathirika, mishipa ya shingo hutokeza, ini huvimba na tumbo hujaa maji, huku miguu mara nyingi ikivimba kidogo tu. Hali hiyo si ya kawaida kwa magonjwa ya moyo, hivyo ni rahisi mgonjwa kudhaniwa ana ugonjwa wa ini au kichocho, ambacho ni kingi kandokando ya Ziwa Viktoria. Aidha, damu inayotuama moyoni huweza kuganda, na donge likifika kwenye ubongo huleta kiharusi.

== Chanzo ==
Chanzo hakijathibitishwa. Minyoo, lishe ya muhogo, madini ya seriamu katika udongo na urithi vyote vimewahi kutajwa. Umaskini unaandamana na karibu vyote.

== Utambuzi na tiba ==
Kipimo kikuu ni eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Utafiti wa Inharrime, Msumbiji, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta dalili za kovu katika eko za karibu asilimia 20 ya waliopimwa. Wengi wao hawakujisikia wagonjwa.

Dawa za kupunguza maji mwilini hutuliza, haziondoi kovu. Upasuaji wa kulibandua na kutengeneza vali ni mgumu na wenye hatari. Mgonjwa wa Ngara au Biharamulo anaweza kupewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Upasuaji wa moyo hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara.