Komunike ya picha: karatasi ambayo kipofu hawezi kuisoma

Mu Lubumbashi habari ya maana inafika kwenye telefone kwa namna moja: picha ya karatasi. Ni barua yenye kichwa cha ofisi, sahihi na muhuri. Mtu ameipiga picha, inaruka toka kundi moja la WhatsApp paka lingine, mwisho inabandikwa na kwenye tovuti. Siku ya kuandikisha watoto shuleni, orodha ya waliopita mtihani, maji kukatika Katuba ao Kampemba: yote ni picha.

Mwenye macho anaona karatasi. Mtu asiyeona, telefone yake inamwambia neno moja tu, "image". Akiuliza kundini imeandikwa nini, anajibiwa: komunike iko pale juu, angalia.

Wengi hawajui kama kipofu anatumia WhatsApp na intaneti. Anatumia. Telefone nyingi za Android zina programu inayoitwa TalkBack, na iPhone ina VoiceOver. Zimo ndani tayari, hakuna kulipa. Kwa kompyuta kuna NVDA, ya bure pia. Ilianza mwaka 2006 kule Australia kwa kazi ya vijana wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, juu programu za namna hiyo ziliuzwa bei kali. Zote zinafanya kazi moja: kusoma kwa sauti kile kimeandikwa kwenye kioo. Lakini zinasoma herufi. Picha ya karatasi, kwa kompyuta, haina herufi. Ni rangi tu, sawa na picha ya ukuta.

Ni kweli, zipo programu zinazojaribu kutoa maneno ndani ya picha. Lakini muhuri ukipita juu ya tarehe, karatasi ikipigwa upande upande, kivuli cha mkono kikianguka katikati, tarehe 12 inaweza kusomwa 17. Na mtu akikosa siku ya kuandikisha mtoto, nani atamsikiliza?

Dawa si ngumu. Picha ibaki, juu watu wanaogopa komunike za uongo, na wana haki ya kutaka kuona muhuri. Lakini chini yake maneno yaandikwe yote. Aliyeandika barua alikuwa nayo kwenye kompyuta kabla ya kuichapa; kuyanakili ni kazi ya dakika moja. Tena maneno ya ukurasa mmoja yanakula kilobaiti chache, wakati picha inakula mamia. Mama wa soko komine ya Kenya aliyenunua mega za siku moja, macho yake mazima, atashukuru vilevile.

Kwa picha zingine, za mkutano ao za daraja lililovunjika, mwenye tovuti anaweka maelezo mafupi mahali palipotengwa ndani ya ukurasa. Msomaji wa kawaida hayaoni, lakini sauti inayasoma.

Kuna shida nyingine ambayo sisi wa Kiswahili tunaijua zaidi. Tovuti nyingi za hapa zinatengenezwa kwa Kifaransa, kisha makala ya Kiswahili inaingizwa ndani bila kuiambia kompyuta kama lugha imebadilika. Basi sauti inasoma Kiswahili kwa mdomo wa Mfaransa. "Chakula" inakuwa "shakula", kila "u" inabanwa midomoni. Maneno mawili mtu atacheka, habari nzima ataiacha. Kuitengeneza ni alama moja ndogo, herufi "sw" kwenye kodi ya ukurasa. Fundi yeyote anaiweza, kama ameambiwa.

Fomu nazo ni mtego. Zetu zinauliza jina, postnom na prénom, visanduku vitatu mfululizo. Fundi akiandika majina hayo pembeni bila kuyafunga na visanduku, sauti inasema tu: andika, andika, andika. Kipofu anabahatisha. Halafu chini kuna zile herufi zilizopindishwa za kuthibitisha kama wewe si mashini, na hapo safari inaishia.

Asiyeona si peke yake. Mwenye mikono isiyotulia hawezi kulenga kitufe kidogo. Inafaa ukurasa wote upitike kwa kitufe cha Tab bila mausi. Mwenye macho hafifu anashindwa na maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, kama vile kila mutu anavyoshindwa juani saa sita. Kwa kiziwi, emisyo ya sauti bila maandishi ni mlango uliofungwa, na hapo redio ndizo za kwanza kuulizwa.

Sheria ipo. Kongo iliingia mwaka 2015 katika mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za walemavu, na kifungu chake cha 9 kinataja intaneti waziwazi. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria nambari 22/003 ya kulinda haki za mtu anayeishi na ulemavu. Miongozo ya kiufundi, inayoitwa WCAG, inasomwa bure. Toleo la 2.2 ni la Oktoba 2023. Lakini anayelipa fundi anaomba picha zinazotembea na rangi za kuvutia, na fundi anampa alichoomba. Neno la walemavu liingie kwenye mkataba kabla ya kutoa franga, juu tovuti ikishamalizika, kuirudilia ni bei nyingine.

Mwenye tovuti anayetaka kujua hali yake aingie kwenye mipangilio ya telefone, sehemu ya "Accessibilité", awashe TalkBack. Afunge macho, afungue ukurasa wake mwenyewe, atafute nambari ya simu ya ofisi yake. Asishtuke: kugusa mara moja kunasoma tu, kugusa mara mbili haraka ndiko kunafungua, na kushuka chini ni kwa vidole viwili. Kuizima ni njia ileile, kwa kugusa mara mbili.