Kabla hujanunua kamera: unataka kufika mbali au kuona gizani?

Umejinyima miezi minane. Hela ya chipsi, hela ya bando, hata ile safari ya Diani na mabeshte uliikwepa ukasingizia kuumwa. Leo uko dukani na muuzaji amekuwekea kamera mbili juu ya kaunta.

Moja ni ndogo, nyepesi, na lenzi yake inachomoka. Nyingine ni nene na lenzi yake imeshikana na mwili, haitoki. Muuzaji anaichukua hii ya pili, anaielekeza nje ya mlango, anavuta. Namba ya matatu iliyoegeshwa mwisho wa barabara inajaa kwenye skrini. “Umeona? Mara 83!” Wewe mkono tayari uko mfukoni, unatafuta simu ulipe.

Hebu ngoja kwanza. Nikupe kisa changu, halafu ukitaka kulipa, lipa.

Usiku wa kupamba

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa ya aina hiyo nene, ya mtumba. Mwezi huo huo jirani mmoja wa Likoni akaniomba nipige picha kwenye harusi ya binti yake. Mchana mambo yalikuwa sawa: jua kali, watoto wakikimbizana, wanaume kwa kanzu nyeupe wakitoka msikitini. Nilijiona fundi.

Usiku ikawa kupamba. Si unaijua shughuli hii: kina mama watupu, na simu zinaachwa mlangoni ili picha za watu zisije zikazagaa mtandaoni. Mimi niliruhusiwa kuingia kwa kuwa ni wa kike na ndiye mpiga picha. Maana yake, kamera yangu ndiyo ilikuwa jicho pekee mle ndani.

Taa zilikuwa za rangi, nyekundu na zambarau, hafifu. Bi harusi akaketi jukwaani, hina imempanda hadi viwikoni. Nilipiga picha zaidi ya mia tatu. Nilipozifungua nyumbani, nyuso zilikuwa zimejaa chenga kama televisheni yenye antena mbovu, na kila aliyegeuza kichwa alitoka kama ukungu. Mama wa bi harusi alizitazama kimya, mwisho akasema: “Mwanangu, hata hina haionekani.”

Nilimrudishia pesa zake. Usiku ule sikuweza kumrudishia.

Kosa halikuwa la kamera. Nilinunua jicho la kuona mbali, nikaenda nalo gizani.

Kikombe cha kahawa na sufuria ya pilau

Tuanze na majina. Ile ndogo huitwa mirolesi, yaani kamera isiyo na kile kioo cha ndani kilichokuwa kwenye kamera kubwa tulizozoea kuona kwa wapiga picha wa magazeti. Picha unaiona moja kwa moja kutoka kwenye sensa, na lenzi unabadilisha upendavyo. Ile nene huitwa briji, kwa maana ya daraja, kwa sababu imekaa katikati ya kamera za mfukoni na kamera za kubadilisha lenzi.

Tuchukue mfano wa kila upande: Sony a6000, mirolesi iliyotoka mwaka 2014, na Nikon P900, briji ya mwaka 2015. Zote ni za zamani kidogo, na ndiyo maana mtu wa bajeti ya kawaida hukutana nazo zikiwa zimeshatumika.

Sensa ndicho kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Ya a6000 ina upana wa milimita 23.5 na kimo cha milimita 15.6. Ya P900 ni kama milimita 6.2 kwa 4.6, ndogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho. Piga hesabu: ya kwanza ina eneo kama mara 13 ya ya pili.

Sasa chukua kikombe cha kahawa na sufuria ya pilau, uviweke nje mvua ikinyesha, dakika moja tu. Kipi kitapata maji mengi? Mwanga ni hivyo hivyo. Mchana ni mvua ya masika, kila chombo kinapata cha kutosha. Usiku ukumbini ni manyunyu, na kikombe kinabaki na matone mawili. Kamera inalazimika kuyakuza matone hayo kwa nguvu, ndiyo ile namba ya ISO unayoiona ikipanda, na hapo ndipo chenga zinapozaliwa.

Kuna jambo la pili. Lenzi ya P900 ikiwa haijavutwa ina tundu la f/2.8. Ukiivuta hadi mwisho, tundu linabana hadi f/6.5. Namba hizi zinaenda kinyume, manake ndogo ndiyo tundu pana. Kwa hiyo kadiri unavyovuta, ndivyo unavyozidi kufunga dirisha.

Lakini usidhani mirolesi ni uchawi. Lenzi inayouzwa pamoja na a6000, ile ya 16-50mm, ina tundu la f/3.5 hadi f/5.6. Ukiingia nayo ukumbini, sehemu kubwa ya faida ya ile sensa unaiacha mlangoni. Kinachokuokoa ni lenzi isiyovuta yenye tundu pana: 50mm f/1.8 kwa nyuso, au 30mm f/1.4 kama unapiga kwenye vyumba vyetu vya kubanana ambako ukirudi nyuma hatua mbili unagonga kabati.

Na haya si mambo ya juzi. Muulize nyanya yako kuhusu studio ya Parekh. N.V. Parekh alipiga picha mjini Mombasa kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1980, na Waswahili, Waarabu na Wahindi walimwendea wakiwa wamevaa wakapendeza. Siri ya picha zile haikuwa kufika mbali. Ilikuwa mwanga uliopangwa, na mtu aliyekaa hatua chache mbele ya lenzi.

Mchana kweupe, briji ni mfalme

Sasa tusiionee briji. Lenzi ya P900 inaanzia 24mm, upana wa kuonyesha sebule nzima, hadi 2000mm. Hakuna lenzi ya kawaida ya mirolesi itakayokupa masafa hayo. Sony wana lenzi ya 70-350mm ya kamera kama a6000, na kwa kipimo kile kile inafika kama 525mm tu. Ilipotoka mwaka 2019 iliuzwa karibu dola 1,000 huko Marekani. Lenzi peke yake! P900 nzima ilikuwa karibu dola 600 ilipoingia sokoni.

Kwa hiyo kama ndoto yako ni ndege, nenda na briji kwenye mikoko ya Mikindani au Jomvu asubuhi. Yangeyange na mdiria hawakusubiri ufike karibu. Ukiwa unatembeza wageni Shimba Hills, palahala atakuwa upande wa pili wa bonde. Nyangumi wenye nundu wanaopita pwani yetu kati ya Julai na Oktoba hawaji kupigiwa picha ufukweni. Mechi ya mtaani pale uwanja wa Caltex, saa kumi alasiri, utamfuata mshambuliaji hadi lango la mbali bila kusogea. Na mwezi mpevu ukichomoza baharini upande wa Shelly Beach utaujaza kwenye skrini hadi uone mabonde yake. P900 ina hata mpangilio maalum wa kupiga mwezi.

Mambo mawili ya kujua. Ukivuta mbali hivyo, mkono ukitetema kidogo picha inaruka, kwa hiyo beba stendi. Halafu saa saba mchana hewa ya moto inatetema juu ya lami na juu ya maji, na hakuna lenzi inayoweza kuinyoosha. Asubuhi na jioni ndio wakati wako.

P900 pia haihifadhi picha ghafi, zile ambazo unaweza kurekebisha mwanga na rangi baadaye bila kuziharibu. a6000 inahifadhi. Kama unaitaka briji kwa kazi, tafuta P950 ya mwaka 2020. Masafa ni yale yale, na imeongezewa picha ghafi, video ya 4K na tundu la maiki.

Iko pia njia ya katikati: briji zenye sensa kubwa kidogo, kama Panasonic FZ1000 ya mwaka 2014 inayofika 400mm. Sensa yake ina eneo kama mara nne ya ile ya P900. Haifiki mwezini, lakini jioni haikuaibishi haraka.

Zumu ina adabu zake

Kukaa mbali hakukupi ruhusa. Mtongwe kuna kambi ya wanamaji, Changamwe kuna uwanja wa ndege, na bandari inazunguka kote. Ukisimama ng'ambo na lenzi ya 2000mm ukailenga huko, wallahi utaeleza hadi jioni. Feri nayo vile vile: uliza walinzi kwanza.

Watu pia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu picha ya mtu kama taarifa yake binafsi, na ukiitumia kwenye tangazo bila idhini unaweza kushtakiwa. Lakini hata bila sheria, sisi ni watu wa Pwani. Mtu haviziwi akiogelea. Omba.

Gawanya pesa kabla hujagawanyikiwa

Hapa ndipo wengi hukwama. Briji ukiilipia umemaliza: ongeza memori kadi na betri ya pili. Mirolesi ukiilipia umeanza tu. Usimalize pesa zote kwa mwili wa kamera. Kama ukitoa bei ya lenzi ya tundu pana, betri ya ziada na kadi hubaki na kitu, shuka hadi kamera ya bei nafuu zaidi. Mwili wa zamani wenye lenzi nzuri utamshinda mwili mpya wenye lenzi hafifu, hasa usiku.

Uliza pia kama lenzi za kamera hiyo bado zinatengenezwa. Canon M50, mirolesi ya mwaka 2018, inapendwa sana na watu wa YouTube kwa sababu ina tundu la maiki na skrini inayogeuka. Lakini Canon walifunga familia hiyo ya M mwaka 2023. Bado ni kamera nzuri, na kwa adapta inakubali lenzi za zamani za Canon. Inunue ukijua, usijue baada ya kununua.

Halafu kuna chumvi. Upepo wa kusi na kaskazi unabeba chumvi na mchanga hadi ndani ya begi. Mirolesi usiibadilishe lenzi ukiwa ufukweni, manake sensa iko wazi. Briji nayo lenzi yake inatoka na kuingia kwa mota, na punje moja ya mchanga inaweza kuikwamisha. Yoyote utakayochukua, ifute kwa kitambaa kikavu ukirudi nyumbani, na weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu ndani ya begi. Ukungu ukiota ndani ya lenzi, kuutoa ni gharama.

Ukiwa pale dukani

Sasa rudi kwenye ile kaunta. Muuzaji bado anakungoja, na namba ya matatu bado iko kwenye skrini. Usipige nje. Geuka, umpige yeye, ndani, pembeni kabisa kule taa isikofika. Weka ISO 3200. Fanya hivyo kwa kamera zote mbili kwa kadi yako mwenyewe, halafu zikuze hadi uone kope za macho. Mulika tochi ya simu ndani ya lenzi utafute ukungu. Sikiliza mota ikivuta: ikikwaruza, iache. Dai risiti na chaja, manake kamera isiyo na karatasi huenda ina mwenyewe anayeitafuta.

Ukiweza, kodi kila moja wikendi moja kabla ya kununua. Ni hela kidogo ukilinganisha na miezi minane.

Na jiulize maswali mawili tu. Picha nitakazolipwa zinapigwa saa ngapi? Na anayepigwa atakuwa hatua ngapi kutoka kwangu? Kama jibu ni mchana na mbali, chukua briji na usione aibu mbele ya wenye lenzi nyingi. Kama ni usiku na karibu, na harusi, bathdei na shughuli nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe ni za usiku na karibu, chukua mirolesi na lenzi moja ya tundu pana, hata ikibidi ungoje miezi miwili zaidi.

Yule bi harusi wa Likoni sasa ana watoto wawili. Hukutana naye kwenye foleni ya feri, tunasalimiana vizuri. Picha ya usiku ule hana.