Kuanza na bia au kuanza na waini?

Mwaka wangu wa kwanza chuoni, Uingereza, niliingia jikoni usiku mmoja nikamkuta mtoto wa mjomba wangu kalala chali sakafuni, na wenzake watatu wamekaa mezani wanakula chipsi. Nikauliza, jamani, huyu ana nini? Mmoja akanijibu bila hata kuinua kichwa: "Usiwe na wasiwasi. Ameanza na bia ndiyo akaja kwenye waini. Kesho ataamka mzima."

Mimi mtoto wa Al Khuwair. Nyumbani kwetu pombe haikuingia, na ikitajwa basi ni kwa kunong'ona, tena baada ya sisi watoto kufukuzwa sebuleni. Sikuwa na hoja yoyote ya kumpinga yule kijana. Alisema kama mtu anayekwambia maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Na mimi nikamwamini, kwa dakika kama kumi hivi.

Juzi kwenye kipindi tuliligusia suala hili, muda ukatuishia. Kwa hiyo nalimaliza hapa. Sijaja kuhubiri, wala sijaja kumfundisha mtu kunywa. Nazungumzia tu ile kanuni, maana watoto wetu wengi wanaondoka Muscat na miaka 18 kwenda kusoma nje, na huko wanaikuta imekaa inawasubiri.

Kanuni yenyewe Wajerumani wanayo na Waingereza wanayo, na wote wameitia vina ili isisahaulike: tanguliza bia, waini ifuate, utakuwa salama, ukigeuza, utajuta. Wamarekani nao wana ya kwao, na hiyo inasema anza na pombe kali, bia ije nyuma. Yaani Mmarekani anaanza na kali, Mjerumani anaanza na nyepesi, na kila mmoja anaapa kuwa babu yake alijua.

Watafiti wa chuo kikuu cha Witten/Herdecke, Ujerumani, wakishirikiana na mwenzao wa Cambridge, waliamua kuijaribu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Waliwachukua watu 90 wa kujitolea, wa umri wa miaka 19 hadi 40, wakawagawa makundi matatu. Kundi la kwanza lilikunywa bia kwanza kisha waini. La pili waini kwanza kisha bia. La tatu walikunywa aina moja tu, ama bia tupu ama waini tupu. Pumzi zao zilipimwa, wote wakafikishwa kwenye kiwango kimoja cha ulevi, kisha wakalala hapo hapo chini ya uangalizi wa madaktari. Asubuhi wakaulizwa: kiu je, kichwa je, kizunguzungu, kichefuchefu, moyo kwenda mbio? Wiki moja baadaye wakarudi, wakabadilishana. Walioanza na bia sasa wakaanza na waini, na kinyume chake. Hapo ndipo ninapowapa heko, kwa sababu kila mtu alilinganishwa na yeye mwenyewe, si na jirani yake mwenye kichwa kigumu.

Tofauti haikuonekana. Si kwa mpangilio, na hata wale wa aina moja tu hawakuponea. Vitu viwili ndivyo vilivyotabiri asubuhi mbaya: mtu mwenyewe alijihisi amelewa kiasi gani, na kama alitapika.

Ukikaa na kalamu utaona kwa nini. Chupa ya Tusker ya mililita 500, yenye pombe asilimia 4.2, ina mililita 21 za pombe halisi. Glasi ya waini ya mililita 175, ya asilimia 12, ina mililita 21. Konyagi ni asilimia 35, kwa hiyo mililita 60 tu, mafunda machache, nazo ni mililita 21. Ini lako halisomi lebo. Linapokea pombe ile ile na linaivunja kwa mwendo wake, ambao kwa wastani ni kama saa mbili kwa kila glasi ya namna hiyo. Haliharakishwi na kahawa, wala kuoga maji baridi, wala supu. Mtu akianza saa mbili usiku akanywa glasi sita, basi saa mbili asubuhi, wakati anatafuta funguo za gari aende kazini, huenda bado ana pombe mwilini. Hapo mpangilio umemsaidia nini?

Kitu kimoja nakikubali: rangi. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2010, ulilinganisha bourbon na vodka. Bourbon ina mabaki mengi zaidi ya uchachushaji na ya mapipa, yale yanayoipa rangi na ladha, na walioinywa waliamka vibaya zaidi kuliko wa vodka. Lakini walipopewa kazi za kupima umakini, wote wawili walikuwa wabovu sawasawa.

Basi mbona kanuni haifi? Mimi nadhani ni kwa sababu inamlaumu mtu mwingine. Badala ya kusema nilikunywa nane, unasema nilichanganya. Tena mtu akishakolea bia ndipo anapoagiza kali, na ile ya mwisho ndiyo anayoikumbuka, basi inabeba dhambi za zote zilizotangulia.

Hata maneno ya jambo hili nimeyaokota ukubwani. Kiswahili cha kwetu nyumbani kilikuwa na ulevi na mlevi, basi, kesho yake haikuwa na jina. Neno "hangova" nimelisikia chuoni. "Kuzimua", yaani kunywa tena asubuhi ili ya jana itulie, nimefundishwa na rafiki wa Dar. Nairobi wao wanasema kutoa lock. Kuzimua kunaahirisha tu. Pombe mpya inaifunika ile ya zamani kwa saa chache, halafu deni linarudi na riba.

Turudi jikoni. Kilichonitoa kwenye ile imani si akili yangu. Niliinama kumwamsha, nikamwita, nikambana sikio, hakuitika. Alikuwa anapumua, lakini kwa kuchelewa, pumzi moja kisha kimya kirefu. Midomo imepauka. Kisha akatapika akiwa bado chali, na macho hakufungua. Nikamgeuza ubavu kwa nguvu zangu zote, nikamwekea mkono wake chini ya shavu, nikapiga 999. Wale watatu wakaanza kunisihi nisipige, utamwaibisha, si ameanza na bia? Walikuwa wakweli. Hawakuwa wakatili hata kidogo. Walikuwa na uhakika.

Muuguzi hakuuliza alianza na nini. Aliuliza ngapi, na tangu saa ngapi. Pia alinieleza jambo ambalo sikulijua: mtu anaweza kuacha kunywa, akalala, na bado ulevi wake ukaendelea kupanda, kwa sababu ile ya tumboni haijamaliza kuingia kwenye damu. Kwa hiyo "mwache alale" si jibu. Mtu asiyeamka ukimwita huachwi peke yake, hulazwi chali, na simu inapigwa. Hapa Muscat namba ni 9999.

Alfajiri mama yake alipiga kutoka Al Khoudh, kama kawaida yake, kumwamsha swala. Nikapokea mimi. Nikamwambia tumbo linamsumbua, kala kitu kibaya. Akaniuliza, kala nini? Nikashindwa kujibu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Uko naye?" Nikasema niko naye, shangazi. "Basi usimwache."

Sasa hivi huyo ndugu yangu ana watoto wawili, anawapeleka skuli kila asubuhi kule Mawaleh. Nilimsomea makala haya kabla ya kuyaweka. Alicheka kwenye hesabu ya Konyagi, akaniruhusu, kisha akaniuliza kama shangazi alijua siku ile. Nikamwambia akamuulize mwenyewe, bado yupo.