Roma: picha ya Papa Innocent X, uso ambao mchoraji hakuupamba

Kwenye kuta za jumba la Doria Pamphilj, mjini Roma, kuna picha ya rangi ambayo wageni husimama mbele yake kwa muda mrefu. Ni ya Papa Innocent X, iliyochorwa mwaka wa 1650 na Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme wa Hispania. Papa amekaa kitini, kavaa mavazi mekundu na meupe, midomo imebanwa, macho makali yanamtazama mgeni kana kwamba yanamuuliza amefuata nini. Inasimuliwa kwamba alipoiona alisema ni ya kweli kupita kiasi.

Kiongozi huyo, Giovanni Battista Pamphilj kwa jina la kuzaliwa, alichaguliwa mwaka wa 1644 akiwa na miaka 70. Lawama hazikukosekana. Shemeji yake, Olimpia Maidalchini, alikuwa na nguvu nyingi hivi kwamba waliotafuta cheo walipitia kwake kwanza. Wakaaji wa Roma walinung'unikia gharama za chemchemi kubwa ya Piazza Navona, mbele ya jumba la jamaa yake, wakati mkate ulikuwa wa shida. Na mikataba ya mwaka wa 1648, iliyomaliza vita vya miaka 30 huko Ulaya, aliipinga kwa kuwa ilipunguza haki za Kanisa Katoliki.

Jina lake linagusa pia historia ya kwetu. Ni chini ya utawala wake ambapo wamisionari Wakapuchini walifika katika ufalme wa Kongo, mwaka wa 1645, wakati wa mfalme Garcia wa Pili.

Kabla ya kumchora Papa, Velázquez alimchora mtumwa wake mwenyewe, Juan de Pareja, mtu mwenye asili ya Afrika. Alimpa heshima ile ile: kichwa juu, macho yakitazama bila woga. Mwaka huo huo, palepale Roma, alitia sahihi barua ya kumwacha huru. Pareja naye akawa mchoraji. Picha yake iko leo katika jumba la Metropolitan, New York.

Ile ya Papa haikutupwa wala kufichwa. Jamaa ya Pamphilj waliitunza, na hadi leo imewekewa chumba chake kidogo.