Mtihani wa Kiingereza Unapima Nini kwa Mtoto wa Buguruni?

Wataalamu wa ufundishaji hutofautisha lugha ya pili na lugha ya kigeni kwa kuangalia maisha ya mwanafunzi nje ya darasa: lugha ya pili ni ile ambayo, ingawa hakuzaliwa nayo, huisikia na kuihitaji kila siku, ilhali lugha ya kigeni hukoma kengele ya kutoka shuleni inapolia. Kwa kigezo hicho, Kiingereza ni lugha ya kigeni Buguruni, jijini Dar es Salaam. Bei za sokoni, mwito wa makondakta wa daladala pale kituo cha Sheli, mawaidha ya msikitini na kanisani, na biashara yote inayokwenda na kurudi Kariakoo kwa Barabara ya Uhuru hufanyika kwa Kiswahili, na Kiingereza hubaki kwenye maboksi ya dawa, vioo vya simu na mabango ya vituo vya tuisheni na shule za mchepuo wa Kiingereza.

Mtoto wa mtaa huo anayesoma shule ya msingi ya Serikali hufundishwa kwa Kiswahili, kwa utaratibu ulioanza mwaka 1967, kisha afikapo kidato cha kwanza hutakiwa kusoma fizikia na hisabati kwa Kiingereza, na kujibu mitihani kwa lugha hiyohiyo. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza katika taarifa yake ya mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, lakini Serikali haikuukubali ushauri huo.

Miaka miwili baada ya taarifa hiyo, watafiti wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, waliwapima wanafunzi wa Tanzania tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu, wakagundua kuwa ni takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia wawe nacho ndipo waanze kusomea masomo mengine kwa Kiingereza. Yaani wengi walikuwa wanahitimu sekondari kabla ya kupata lugha ya kuianzia. Jambo la kushangaza ni kwamba pamoja na matokeo hayo walishauri Kiingereza kiendelee, ila kiongezewe nguvu, na kutokana na ushauri huo ukaja mradi wa msaada wa Uingereza uliotekelezwa kati ya mwaka 1987 na 1991. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Zaline Roy-Campbell, katika kitabu chao cha mwaka 1997, walionyesha kwamba tatizo lilikuwa bado lipo, na wakapinga dhana kwamba kukijua Kiingereza na kuelimika ni kitu kimoja.

Utafiti wa upimaji umelifafanua tatizo hili la kujibu mitihani kwa Kiingereza kwa dhana ya uhalali, ambayo maana yake ni kwamba mtihani upime kile unachodai kupima, si kitu kingine kilichojificha ndani yake. Mtihani wa biolojia unaomwangusha mwanafunzi kwa sababu hakuelewa kitenzi cha swali haujapima biolojia. Mradi ulioongozwa na Pauline Rea-Dickins wa Chuo Kikuu cha Bristol, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, uliichunguza hali hiyo kwa wanafunzi wa kidato cha pili visiwani humo, ambako wakati huo matokeo ya mtihani wa kidato hicho ndiyo yaliyoamua nani aendelee na masomo. Watafiti waliyachukua maswali ya mtihani, mengine wakayarahisishia lugha au kuyaongezea picha bila kugusa maarifa yanayoulizwa, kisha wakaketi na wanafunzi na kuwahoji kwa Kiswahili kuhusu maswali yaleyale. Walikuwapo walioacha nafasi wazi kwenye karatasi, au walionakili maneno ya swali yakawa ndiyo jibu, ambao kwa mdomo waliweza kueleza mengi kuliko karatasi zao zilivyoonyesha. Mwalimu yeyote wa sekondari ya kata jijini Dar es Salaam anawajua wanafunzi wa namna hiyo, na ni dhuluma kuwaita wajinga.

Somo la Kiingereza lenyewe nalo lina tatizo lake, ambalo watafiti huliita athari rejeshi, yaani namna mtihani unavyorudi darasani na kuamua kinachofundishwa. Kwa kuwa mtihani wa kidato cha nne wa Kiingereza hufanywa kwa maandishi, mazungumzo hupewa nafasi ndogo, na vituo vya tuisheni hujaza saa za jioni kwa maswali ya miaka iliyopita na majibu ya kukariri. Mwanafunzi aweza kufaulu asiweze kumweleza mgeni njia ya kufika Ilala.

Mradi mwingine, uliowakutanisha watafiti wa Bristol, Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Aga Khan na Taasisi ya Elimu Tanzania, uliandaa vitabu vya kidato cha kwanza vyenye sentensi fupi, picha, na maneno magumu yaliyofafanuliwa kwa Kiswahili, ambapo wanafunzi hujadili jambo kwanza kwa lugha wanayoimudu ndipo waliandike kwa Kiingereza. Njia hiyo inafaa madarasa yenye msongamano kama ya Buguruni, ilimradi msahihishaji naye atenganishe alama za maarifa na alama za lugha, ili mwanafunzi aliyeeleza sawasawa jinsi mmea unavyojitengenezea chakula asinyang'anywe alama zake kwa kosa la kitenzi.